Daftari la Kondo

Friji ya Daktari Wakhungu ilikuwa na soda nne, nusu mkate na chupa ya pilipili.

Inspekta Emmaculate Naswa aliutazama ule mkate kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili, kisha akaufunga mlango wa friji. Tangu jana asubuhi alikuwa amekunywa chai tu, na miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Nje, kando ya barabara ya Obunga, ule ubao mwekundu uliomleta hapa ulikuwa bado umesimama: SELI SHINA ZIMEFIKA. KANSA, SELIMUNDU, KISUKARI, UTASA. SINDANO MOJA TU.

"Hizo seli unaziweka wapi?" alimuuliza mwenye ubao.

"Zimeisha, Afande. Wateja wamekuwa wengi."

"Zikiwepo unaziweka wapi?"

Wakhungu aliitazama friji. Alikuwa mtu wa makamo, koti lake jeupe limepigwa pasi vizuri, na jina limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu. "Hapo hapo," alisema. "Nasogeza soda."

Sajini Walubengo, aliyebakisha miezi minne kustaafu, alichekea puani bila kuinuka kwenye benchi la wagonjwa.

Naswa hakucheka. Alichokuwa anatafuta ni mfuko wa damu usiozidi kiganja cha mkono. Jana Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mwanamke aitwaye Shantel Oluoch alijifungua mvulana katika hospitali moja ya uzazi mjini Kisumu. Kabla kitovu na kondo havijatupwa, Daktari Falguni alivuta damu iliyobaki ndani yake, akaitia mfukoni, na mfuko akaufungia kwenye kisanduku cha buluu cha kuhifadhia baridi. Alizungusha utepe wa manjano, akaandika jina la mama, akakiweka juu ya meza ya chumba cha wauguzi. Aliporudi baada ya dakika arobaini, kisanduku hakikuwepo.

Ndani ya damu hiyo, kama daktari alivyomwelezea Naswa kwa kumchorea nyuma ya fomu, zimo seli shina, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu. Dada wa mtoto huyo, Akeyo, ana miaka minane na ana selimundu. Uboho wa mifupa yake hutengeneza seli zilizopinda kama mundu, zinazokwama kwenye mishipa. Dawa humpunguzia maumivu, hazimponyi. Lakini ziko hospitali, India kwa mfano, zinazoweza kuua kiwanda hicho kibovu cha damu na kupanda kipya kwa seli za ndugu, kama zinavyofanya kwa watoto wenye kansa ya damu. Mimba ya Shantel ilipimwa ikiwa na miezi minne. Mtoto aliyekuwa tumboni hakuwa na ugonjwa, na damu yake ililingana na ya dada yake. Ilikuwa bahati ya mmoja kati ya watoto wanne au watano.

Damu hiyo ilitakiwa kugandishwa kabla ya saa arobaini na nane kwisha. Mitambo ya kugandisha ilikuwa Nairobi, na ndege ya mwisho ya kuiwahisha ilikuwa ya saa kumi na moja jioni, leo. Sasa ilikuwa saa tano na nusu.

"Wauguzi wamesema ulienda pale hospitali mara mbili mwezi uliopita," Naswa alisema. "Ulitaka kununua makondo."

"Nilitaka moja tu. La kupiga picha." Wakhungu alionyesha bango lililobandikwa ukutani, lenye kitu chekundu kisichoeleweka. "Hawakunipa. Hiyo ni maini ya ng'ombe."

"Na sindano zako zina nini?"

Wakhungu alinyoosha kola ya koti lake.

"Vitamini," alisema. "Na maji ya chumvi. Safi, Afande, naapa. Ningekuwa na hiyo damu yenyewe, ningejua niifanye nini?"

Naswa alimuuliza ni watoto wangapi wa selimundu aliowachoma. Wakhungu aliangalia viatu vyake, akasema watatu. Aliulizwa majina, akayataja yote bila kusita, hata la mtoto aliyefariki Agosti. Naswa aliyaandika kwa herufi kubwa. Kisha akamwambia Walubengo amkabidhi kwa askari waliokuwa nje, na ule ubao ung'olewe upelekwe naye.

"Si yeye," alisema wakiwa garini.

"Mimi nilikuwa nimeanza kumpenda," alisema Walubengo. "Mwizi mwenye mkate."

"Anauza maji, na watu wananunua. Aibe damu ya nini? Hata kisanduku chenyewe hana mahali pa kukiweka." Alifumba macho mpaka gari lilipoingia kwenye lami. "Tumepoteza saa nne na huyu mtu."

*

Daktari Falguni aliwasubiri kwenye ngazi za hospitali. Baba yake na babu yake waliuza misumari na mabati karibu na soko la Kibuye, na yeye mwenyewe aliongea Kiswahili cha Kisumu na Kijaluo cha sokoni. Leo aliruka salamu. Alisoma uso wa Naswa, akageuka, wakapanda pamoja.

Naswa aliuliza kama hakuna njia nyingine. Daktari alisema ipo. Mtoto akifika miaka miwili au mitatu, wanaweza kumtoa uboho kidogo wa nyonga. "Lakini Akeyo alipata kiharusi Februari," alisema. "Mkono wa kushoto haujarudi vizuri. Kiharusi cha pili kinaweza kuja kesho au kisije kabisa. Mimi siwezi kumwambia mama yake asubiri miaka mitatu."

Mlango wa wadi ya watoto ulikuwa wazi. Akeyo alikuwa ameegemea mito miwili, mpira wa dripu mkononi, kikombe cha maji mkono wa kulia.

"Wewe ndio polisi wa damu yangu?" aliuliza.

"Ndiyo mimi."

"Umeshika mwizi?"

"Bado."

Msichana alikunywa maji, kwa sababu alifundishwa anywe kila anapokumbuka. "Kwa TV wanamshikanga haraka," alisema.

Naswa alimrekebishia mto mmoja. Alienda moja kwa moja kwenye chumba cha wauguzi, akavua koti, akaanza upya.

Sista Nakhungu alikuwa zamu asubuhi ile. Macho yalikuwa mekundu. Alikwisha kuhojiwa mara tatu, na mara zote swali lilikuwa lile lile: nani aliingia asiyepaswa kuingia? Alilijibu tena. Hakuna. Waliingia wauguzi, mhudumu wa usafi, na ndugu za wazazi waliokuja kuchukua vitu vyao. Yeye mwenyewe alikuwa mbio, kwa maana kitanda nane kulikuwa na mama anasukuma, na zamu ya usiku ilikuwa imekwisha kuondoka.

Naswa alisikiliza akiwa amechuchumaa, akipekua chini ya meza, mahali alipopekua jana. Katoni za glavu. Ndala moja. Ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia, ya kilo mbili, yenye kifuniko. Jana aliiinua akaona haina kitu, akairudisha. Leo alifungua kifuniko akatazama ndani. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na chini yake limetandikwa jani la mgomba lililokatwa kwa kisu, likaenea duara sawasawa.

"Hii ya nani?"

"Ya watu wa kitanda sita," alisema Sista Nakhungu. "Walikuja nayo. Walitaka kondo."

Kitanda sita kilikuwa cha Shantel. Naswa alibaki amechuchumaa.

"Walilipata?"

"Walichukua. Si waliweka sahihi kwa daftari."

"Wakalibebea ndani ya nini, Sista? Ndoo yao si hii hapa?"

Muuguzi aligeukia mlango.

Daftari lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, likiwa na kalamu iliyofungwa kwa bandeji. Familia inayotaka kwenda kuzika kondo nyumbani huandikwa humo, hutia sahihi, na hupewa karatasi ndogo ya pinki ya kuonyesha getini. Tangu jana chumba hiki kilikuwa kimejaa watu, na hakuna aliyeligusa, kwa sababu wote walikuwa wakitafuta mwizi, na mwizi haweki sahihi.

Jumanne, saa mbili na dakika tano. Kitanda sita. Kondo, mvulana. Aliyechukua: Ajwang, nyanya, wa Sondu. Herufi zilikuwa za mtu aliyesoma madarasa machache na kuzitunza.

"Ulimpa wewe kwa mkono wako?"

"Sikumpa." Sauti ya Sista Nakhungu ilishuka. "Nilikuwa na yule mama wa kitanda nane. Nilimwambia liko pale mezani, achukue chenye jina lao, aweke sahihi. Nilijua mwenzangu wa usiku amewatilia kwa ndoo na kuandika jina."

Ndoo haikuwa na jina popote. Mwenzake wa usiku hakuwa ametia kitu.

Naswa hakumgombeza. Alimwita mhudumu wa usafi, akaomba daftari lake pia. Yule mzee aliandika kwa vijiti, kijiti kimoja kwa kila kondo linaloenda shimoni. Asubuhi ya Jumanne watoto watano walizaliwa. Kama familia moja iliondoka na lake, vijiti vingekuwa vinne. Naswa alivihesabu kwa ncha ya kalamu, akampa Walubengo naye avihesabu.

"Tano," alisema Walubengo.

"Tano."

Mlinzi wa getini jana aliulizwa kama aliona mtu akitoka na kisanduku cha hospitali, akasema hakuona. Leo Naswa alimuuliza kama aliona mwanamke mzee, amebeba mzigo ndani ya leso, ana karatasi ya pinki.

"Huyo nilimwona. Alikuwa ameupakata kama mtoto."

"Na hukuangalia ndani? Hapa si mnapekua mikoba mpaka ya mapadri?"

Mlinzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la utovu wa adabu. "Hiyo haifunguliwi, Afande," alisema.

*

Robinson Oluoch, mumewe Shantel, ndiye aliyepiga ripoti polisi. Alikuwa shemasi wa kanisa na fundi wa injini za mashua, na tangu jana hakuwa amekaa chini. Naswa alimwomba aende na Sajini akasome taarifa yake kama imeandikwa sawa. Mlango ulipofungwa, alivuta kiti mpaka karibu na kitanda. Shantel alikuwa akinyonyesha.

"Mama Akeyo, mama mkwe wako alienda lini Sondu?"

"Jana asubuhi. Alienda kututayarishia nyumba."

"Ulijua ameenda na nini?"

Shantel alimfunika mtoto vizuri, ingawa alikuwa amefunikwa. Halafu alianza kulia bila sauti, na Naswa akamngojea, jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi.

Yaliyotoka hayakuwa mengi. Akeyo alipozaliwa, mama mkwe aliomba kondo lake akalizike nyumbani, kama yalivyozikwa ya watu wote wa ukoo huo. Robinson, akiwa ameokoka mwaka huo huo, alikataa. Alisema hakuna mtoto wake atakayepandwa kama muhogo. Kondo likaenda kwenye shimo la hospitali. Mwaka mmoja baadaye mtoto alianza kuvimba vidole na kulia, na mama mkwe hakusema neno, ila tangu siku hiyo hakula tena meza moja na mwanawe. Safari hii mtoto alizaliwa kitovu kimemzunguka shingo, ndiyo maana anaitwa Owino, na mama mkwe alikuja na ndoo yake chini ya leso, akamnong'oneza Shantel tu.

"Nilijua ameenda na kondo," Shantel alisema. "Sikujua ameenda na ile damu, Afande. Haki ya Mungu. Baba Akeyo angejua hata hilo la kondo, hiyo nyumba ingechafuka. Nikanyamaza."

"Simu yake?"

"Anaichajia dukani siku za soko. Leo si siku ya soko."

Naswa alisimama. Aliuliza nyumba iko upande gani wa mto.

*

Walubengo aliendesha bila mzaha, na wakafika Sondu saa nane na robo. Boma lilikuwa juu ya mto, na mvumo wa maji ulisikika toka chini. Mbele ya nyumba ya bati mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta maharage. Upande wa kulia wa mlango, chini ya migomba, palikuwa na kiraka cha udongo mbichi kilichosawazishwa kwa mkono. Wote wawili walikiona. Walubengo alibaki getini.

Mama Ajwang alimtolea mgeni kigoda, akamsalimia, akauliza habari za nyumbani kwake. Naswa alijibu zote. Alisema yeye ni mtu wa Bungoma, na la kwake lilizikwa na nyanya yake nyuma ya jiko, na hata leo mahali penyewe anapajua.

"Basi wewe si mgeni," alisema mzee. "Robinson amekutuma unishike?"

"Robinson hajui kama niko hapa."

Kisha alimweleza, polepole, akitumia maneno machache. Kile kisanduku si kondo. Ni damu iliyotolewa kwenye kitovu cha Owino, iende ikampandie Akeyo damu mpya. Ndege inaondoka saa kumi na moja. Mama Ajwang aliendelea kupepeta, ungo ukipanda na kushuka, maganda yakiruka. Alipomaliza aliuweka ungo chini.

"Kuna mtu alipita Kibuye na kipaza sauti," alisema. "Jumapili mbili zilizopita. Nilikuwa nauza maharage. Anasema ndani ya kondo kuna dawa, anatafuta makondo. Nilipoona kwa ile meza wamelifungia ndani ya sanduku la plastiki, wameweka utepe na jina letu, nikasema ndio hawa. Wanataka kumuuza mjukuu wangu." Alifuta mikono. "Mimi sikuiba. Niliandika jina langu."

"Najua. Nimelisoma."

"Na kondo lake liko wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Naswa alikuwa akilikimbia tangu Kisumu. Kudanganya kungekuwa rahisi. Saa yake ilisema saa nane na dakika thelathini na tano.

"Liko kwenye shimo la hospitali," alisema. "Pamoja na mengine. Pole, Mama."

Kuku alipita kati yao. Chini mto ulivuma. Mama Ajwang alikaa mikono imelala mapajani, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Wa kwanza walimtupa," alisema. "Akaumwa. Wa pili nimejitahidi kwa hii miguu yangu, nimepanda gari na kisanduku mapajani, watu wananiuliza ni samaki. Kumbe naye wamemtupa. Na sasa unataka nifukue. Kitu kikishaingia udongoni sisi hatukitoi, nyathina, mwanangu. Ukikitoa unamwita mtoto akifuate."

"Sina karatasi ya korti," Naswa alisema. "Ningeweza kuirudia Kisumu, lakini ndege itakuwa imeenda. Sikuja kufukua, Mama. Nimekuja kuomba."

"Huyo Akeyo," mzee aliuliza, "mkono bado?"

"Bado. Kikombe anashikia wa kulia."

Mama Ajwang alinyanyuka kwa kushika goti, akaingia ndani, akatoka na jembe. Walubengo aliacha geti kuja kumsaidia. Mzee alimzuia kwa kiganja. Alipiga magoti kwenye udongo, na baada ya mapigo matatu aliweka jembe kando akaendelea kwa vidole. Alikuwa amechimba shimo refu, kufikia kwenye kiwiko, ambapo udongo wa mto hubaki na ubaridi hata jua likiwa kali. Alitoa leso kwanza. Ndani ya leso mlikuwa na majani ya mgomba, na ndani ya majani kisanduku cha buluu.

Naswa alikipokea kwa mikono miwili. Utepe wa manjano ulikuwa mzima pande zote, haukunyofolewa hata pembeni.

"Hukufungua," alisema.

"Nifungue?" Mzee alishangaa kweli. "Hiyo haifunguliwi."

Juu ya kifuniko palikuwa na kipimajoto kidogo. Daktari alisema damu isipungue nyuzi nne wala isipite ishirini na nne. Naswa alifuta udongo kwa kidole gumba, akainamisha kichwa mpaka kivuli chake kikaziba mng'aro. Kumi na nane. Alimwonyesha Walubengo, kwa sababu hakuamini macho yake siku hiyo.

Walikuwa wamefika getini alipogeuka. Mama Ajwang alikuwa hajalifukia shimo. Alichukua karai, akalifunika, akaweka jiwe juu ili kuku wasiingie.

"Mwambie mke wa Robinson," alisema, "kile kitovu kitakachobaki kwa mtoto, kikianguka, wasikitupe. Mimi nitaacha shimo wazi."

*

Daktari Falguni alikipokea kisanduku uwanja wa ndege saa kumi na dakika ishirini na tano. Alisoma kipimajoto, akakipakata kifuani, akaingia nacho bila kusema asante, na Naswa hakutaka asante. Aliketi ndani ya gari milango ikiwa wazi mpaka ndege ilipopaa juu ya ziwa. Halafu alivua viatu.

Majibu ya Nairobi yalikuja Alhamisi mchana. Kati ya kila seli mia, themanini na sita zilikuwa hai. Zilitosha. Zimegandishwa. Safari ya Akeyo kwenda India ingekuwa baada ya miezi mitano au sita, na madaktari wa huko hawakuahidi chochote. Waliandika tu kwamba wangejaribu, na kwamba wengi wa watoto wanaopata seli za ndugu yao hupona.

Jumatatu iliyofuata Robinson Oluoch alikuja kituoni kuondoa mashtaka. Alikuwa na shati la kanisani, na alisimama mbele ya kaunta kama mtu anayesubiri kupigwa faini. Naswa alimjazia fomu. Kwenye nafasi ya jina la mshukiwa alipiga mstari. Kwenye nafasi ya sababu aliandika kwamba mali ilipatikana nyumbani kwa mwenyewe.

"Mama amekubali kuongea na wewe?" aliuliza.

"Leo ndio naenda." Robinson alitia sahihi. Ili apate nafasi ya kuandika, alikuwa ametoa kiberiti mfukoni mwa shati na kukiweka juu ya kaunta, karibu na kiwiko chake.

Sajini Walubengo, ambaye jiko la chai lilikuwa limemzimikia kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, alinyoosha mkono akakichukua. Kilikuwa chepesi, na ndani kitu kimoja kikavu kiligonga kidogo.

Robinson aliweka kiganja juu ya mkono wa Sajini, taratibu, mpaka kiberiti kikarudi mezani.

"Samahani, Mzee," alisema. "Hiyo haifunguliwi."